Ruta Mpya Haitaki Kujuana na Kisanduku Changu

Ruta yetu ya zamani, ile mashine inayogawa waifai nyumbani, ilikata roho Jumatatu asubuhi, na kabla sijapata hata nafasi ya kuisikitikia, nyingine mpya ilikwisha kuikalia meza yake, nyeusi, bapa, yenye antena nne zilizoelekea juu kama miguu ya mende aliyekufa chali. Kufikia jioni kila chombo cha nyumbani kilikuwa kimekula kiapo cha utii kwake: simu, kompyuta, televisheni, hata printa, ambayo kwa kawaida hubembelezwa kama mgonjwa anayekataa dawa. Kilichobaki nje ni kimoja tu, nacho ndicho pekee ninachokipenda: kisanduku changu cha muziki.

Inanilazimu nikieleze, kwa kuwa wenzangu humu ndani hukitaja kwa sauti ile ile wanayotumia kuyataja magoti yangu. Ni kisanduku kidogo chenye antena moja, rimoti, na kioo cha mistari miwili ya herufi za kijani. Kazi yake ni kupokea muziki kutoka kwenye kompyuta kwa njia ya waifai na kuupeleka kwenye spika zangu kubwa, ambazo, kwa kuwa zilitengenezwa kabla ya neno waifai kuzaliwa, haziulizi muziki umetoka wapi. Ndani ya kompyuta hiyo mna hazina yangu yote. Nilihamisha mwenyewe CD zangu na kaseti zangu, usiku baada ya usiku, na kwa kuwa wakati huo hakuna aliyeniambia kwamba upo waya wa kuunganisha redio ya kaseti na kompyuta, kaseti za kwanza nilizirekodi kwa kuishikilia maikrofoni mbele ya spika huku nikiwa nimebana pumzi.

Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wa ukoo kwa sababu tu ana vidole vyepesi, alikitazama kisanduku, akaitazama ruta, akanitazama na mimi, kisha akasema, "Mjomba, hiki kimepitwa na wakati. Kiko polepole mno."

Neno hilo la "polepole" lilinichoma. Kisanduku hutumia kiwango cha waifai kiitwacho 802.11g, kilichopitishwa mwaka 2003, ambacho kwenye karatasi hufikia megabiti 54 kwa sekunde. Wimbo wa MP3, yaani uliobanwa ili uchukue nafasi ndogo, hata ukiwa wa ubora wa juu kabisa huhitaji kilobiti 320 kwa sekunde, na megabiti moja ni kilobiti elfu moja. Hata tukikubali kwamba karatasi husema uongo, tukaikata kasi hiyo nusu kwa nusu, bado kisanduku kinaweza kubeba nyimbo zaidi ya themanini kwa mpigo, ilhali mimi nina masikio mawili tu, na moja limeanza kugoma. CD yenyewe, bila kubanwa hata kidogo, hutaka kilobiti 1,411 tu. Nilimweleza hesabu hiyo yote, naye akajibu, "Sawa, Mjomba," kwa namna ambayo vijana husema pale wanapokuwa wameacha kusikiliza tangu sentensi ya kwanza.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba kisanduku hakikuiona ruta kabisa. Kiliorodhesha mitandao ya majirani wote, ukiwemo wa yule aliyeuita wake "Usiniombe Nywila", lakini wa kwangu, uliokuwa hatua tatu kutoka kilipokaa, haukuwemo. Ilichukua saa nzima kugundua sababu. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi katika masafa ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, zikayapa yote jina moja, kisha zikajiamulia zenyewe nani akae wapi. Kisanduku changu hakijawahi kusikia habari za gigahezi 5, na wala sikilaumu, kwa maana haya ya 2.4 ndiyo yanayopenya kuta vizuri zaidi. Lakini hata huko kwenye 2.4, ambako masafa hugawanywa vipande viitwavyo chaneli, ruta ilikuwa imejichagulia chaneli ya 13, wakati kisanduku kilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako vyombo vya aina hii huishia chaneli ya 11. Yaani ruta ilikuwa ikipaza sauti hapo hapo karibu, tena kwa bidii, mahali ambapo mwenzake hakuumbiwa masikio. Mpwa wangu akaihamishia chaneli ya 6, na papo hapo jina letu likatokea kwenye kioo. Nikapiga kofi la furaha. Niliwahi mno.

Nywila ya ruta ilikuwa imechapishwa kwenye kibandiko cha chini yake, kwa herufi ndogo kama nyayo za sisimizi. Ilikuwa na herufi na tarakimu ishirini, zilizochanganywa na mtu ambaye, nina hakika, hana wazazi wazee. Mle mlikuwa na kiduara ambacho kingeweza kuwa sifuri au O, na kijiti ambacho kingeweza kuwa moja, au l, au I, au uchafu tu. Na kisanduku changu hakina kibodi. Herufi huchaguliwa kwa mshale wa rimoti, kuanzia a ndogo hadi z, kisha A kubwa hadi Z, kisha sifuri hadi tisa. Mshale wa kurudi nyuma uliacha kufanya kazi miaka mingi iliyopita, kwa hiyo safari zote ni za kwenda mbele. Ili kuandika 9 ilinibidi nibonyeze mara 61, na nywila ile ilikuwa na 9 tatu. Ukiipita herufi unayoitaka kwa kubonyeza mara moja zaidi, hakuna msamaha. Unauzunguka ulimwengu wote wa herufi upya.

Tuligawana kazi. Mke wangu aliishika ruta kichwa chini, miguu juu, akawa anasoma, nami nikawa nabonyeza.

"K," akasema.

"Kubwa au ndogo?"

"Ya kawaida."

"Hakuna K ya kawaida!"

"Basi wewe siku zote unaandika K gani?"

Baada ya dakika arobaini tukafika mwisho. Nikabonyeza kitufe cha kukubali kwa taadhima ya mtu anayezindua daraja, nacho kisanduku kikafikiri, kikafikiri tena, kikaandika: "Nywila si sahihi." Tukarudia. Safari ya pili nilimshuku kijiti na kumgeuza kuwa l. Safari ya tatu nilimshuku mke wangu, nikamuuliza, kwa upole ambao haukupokelewa kama upole, kama ana hakika na macho yake. Aliiweka ruta mezani, akaniambia kwamba yeye husoma bila shida tangu darasa la kwanza, akaondoka.

Hapo niliwapigia simu watoa huduma ya intaneti. Kijana aliyepokea alinitaka niizime ruta, nihesabu sekunde thelathini, niiwashe. Nilihesabu. Alinitaka nirudie. Nilirudia. Kisha akauliza kisanduku changu ni cha mwaka gani, nami nilipomtajia akanyamaza kidogo, kama daktari anayetafuta namna nzuri ya kuiambia familia, halafu akanishauri ninunue kingine. Nilimshukuru, kwa kuwa nimelelewa vizuri.

Aliyeufumbua mtego ni mpwa wangu. Nywila ilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza. Kisichofaa kilikuwa kitasa. Waifai hulindwa kwa usimbaji, yaani kugeuza kila kinachopita hewani kuwa fumbo, na usimbaji huo umebadilishwa mara kadhaa, tena kwa haki kabisa. Ule wa mwanzo, WEP, ulitoka mwaka 1997, na ilipofika mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walikwisha kuonyesha hadharani kwamba ni mlango wa karatasi. Ikaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na mwaka 2018 ikatangazwa WPA3. Kisanduku changu kinaijua WPA2, jambo ambalo kwa umri wake ni la kupongezwa, lakini ruta ilikuwa imewekwa izungumze WPA3 peke yake. Haya yote nayaelewa na nayakubali. Nisichokubali ni kisanduku kushindwa kusema tu kwamba kitasa hiki hakijawahi kukiona, na badala yake kusema nywila si sahihi, uongo mtupu, uliosababisha mimi kumtilia shaka mke wa watu, ambaye kwa bahati mbaya ni wangu.

Tulijaribu ule mpangilio unaoruhusu WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Nimesoma kwamba vyombo vingi vya zamani huridhika nao. Changu hakikuridhika. Nikapendekeza nyumba yote irudishwe kwenye WPA2, tuyamalize. Mpwa wangu alikataa katakata, akasema hawezi kulegeza ulinzi wa simu na kompyuta za watu wanne kwa ajili ya kisanduku kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikaona anafanana na marehemu baba yangu.

Suluhu yake ilikuwa kufungua mtandao wa wageni, wa gigahezi 2.4 tu, wenye WPA2 tu, na jina lake. Nikaomba nipewe heshima ya kuchagua nywila. Sheria ya WPA2 hutaka herufi zisizopungua nane, kwa hiyo nikapendekeza a nane. Mpwa wangu alinitazama muda mrefu. Tulipatana baada ya mabishano: herufi kumi na sita zilizochanganywa, zote ndogo, na hakuna hata moja inayovuka h. Niliiandika kwa dakika tatu, dole gumba likiwa halijui linafanyiwa wema gani.

"Imeunganishwa," kikaandika kisanduku, na chini yake kikaonyesha anwani yake mpya kwa fahari, 192.168 na tarakimu zinazofuata. Kisha kikaandika: "Hakuna maktaba ya muziki."

Mtandao wa wageni, kumbe, ni wa wageni kweli kweli. Anayeingia humo hupewa njia ya kwenda intaneti na hapewi kingine. Haruhusiwi kuiona kompyuta ya wenyeji, wala simu yao, wala chochote kilichomo ndani. Ni tahadhari nzuri, kwa sababu hujui simu ya mgeni imebeba nini. Lakini kisanduku hiki kimo katika nyumba hii tangu mpwa wangu hajajua kusoma, kimetumbuiza kwenye sherehe zetu zote, na sasa kimeketi rafu ile ile, kikiitafuta kompyuta iliyo mbele yake moja kwa moja, nayo kompyuta inaambiwa kwamba hakuna mtu. Nilisimama katikati ya vitu viwili visivyoonana, nikiviona vyote viwili, na nikatambua kwamba mimi ndiye waya pekee uliokuwepo.

Mpwa wangu akarudi kwenye mipangilio. Akapita kurasa ambazo majina yake siwezi kuyatamka, mpaka akafika kwenye kiboksi kimoja kidogo, chini kabisa, mahali ambapo mtu huweka vitu anavyotarajia visionekane, kilichoandikwa kwamba wageni waruhusiwe kuufikia mtandao wa ndani. Alikitia alama ya vema. Mara moja tu. Sikuuliza kwa nini hatukuanzia hapo, kwa kuwa saa ilikuwa imekaribia sita ya usiku na nilikuwa na upande mmoja tu wa kuegemea humu nyumbani.

Kioo kikawaka. Herufi za kijani zikaandika jina la kompyuta yangu, kisha idadi ya nyimbo. Kisanduku kilikuwa kimesahau pale tulipoishia wiki iliyopita, kwa hiyo kikaanza mwanzo wa orodha, kwa mpangilio wa alfabeti. Spika zikakoroma, ikafuata pumzi nzito, halafu ikasikika sauti ya mwanamume, changa kuliko ile ninayoamka nayo siku hizi: "Haloo. Haloo. Moja, mbili. Inasikika?"

Ilikuwa ni faili niliyoiita AAA Jaribio, ya usiku ule wa kwanza wa maikrofoni.

"Inasikika!" mke wangu akajibu kutoka chumbani. "Punguza!"

Mpwa wangu akanyoosha mkono aichukue rimoti, nikamshika. Hakuna kati yetu aliyeweza kuapa ni kitufe kipi kisichokitoa kisanduku mtandaoni, na mimi sikuwa tayari kujua. Basi tukaketi, tukaisikiliza yote, dakika nne nzima, kwa maana usiku ule sikuwa nimejifunza namna ya kusimamisha kurekodi: kikohozi changu, kiti kikivutwa, mlango ukifunguliwa, na sauti ya mke wangu wa miaka ile akiniuliza kama hiyo mashine bado inanisumbua.