Pi

Email imeingia saa moja asubuhi, hata uso sijanawa. Wanashukuru kwa muda wangu, wamefurahia maongezi, majibu ndani ya wiki mbili, halafu chini kabisa kamstari kamoja peke yake: tunatumaini betri umeshabadilisha. Mimi. Mwenye PhD ya nyuklia. Nadhihakiwa na HR kabla ya chai.

Kazi yenyewe ni mwanasayansi wa usalama wa nyuklia, kwenye shirika moja la wanaharakati hapo Washington, wale ambao shughuli yao ni kukaa kooni mwa serikali na makampuni ya umeme: mmekagua? mna uhakika? mbona ile mitambo miwili ya nyuklia ya Vogtle kule Georgia mlisema dola bilioni 14 ikafika zaidi ya 30, na miaka saba ya kuchelewa juu? (Fundi aliyemjengea mama banda pale Chumbageni alichelewa miwili tu na tukamwita mwizi.) Tume ya nyuklia ya serikali yenyewe inataka raia, mimi nina karatasi za ukaazi tu. Makampuni ya vinu vya nyuklia nikiomba wananiona mwanaharakati, wanaharakati wananiona mtu wa makampuni, mama anajua natengeneza bomu na ameshanikataza, na shemeji wa Mbagala akisikia nyuklia anauliza kama naweza kumfanyia mpango wa luku.

Fomu sitaki kuisimulia. Unapakia CV, ukimaliza wanakuambia haya sasa andika upya yaliyomo kwenye CV. Kwenye kabila nimetafuta Mdigo hayumo.

Jamaa ninayekaa naye ni wa Lubumbashi, yeye nyuklia ameikuta kwao. Uranium ya bomu la Hiroshima nyingi ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga hukohuko, kwa hiyo siku ya intavyuu ananisindikiza kwa mlango wa chumba changu: "Uulizeko kama balisha kutulipa." Yaani kama wameshatulipa.

Basi njooni kwenye hiyo intavyuu. Zoom, saa nne asubuhi. Juu shati jeupe na tai, chini kikoi, si mnajua. Watu watano kwenye vidirisha. Wa katikati ni mama mtu mzima, nywele nyeupe zote, anasema nimwite tu jina lake la kwanza. Mimi mtoto wa Tanga, mtu wa umri wa bibi yangu nimwite jina kavu naanzia wapi? Shikamoo ikanitoka yenyewe, hakuna aliyeitikia, ikabaki inaelea pale.

Wakauliza: umepewa dakika mbili na msaidizi wa mbunge, mweleze kwa nini kinu kilichozimwa bado kinaweza kuyeyuka. Hapo sasa ndo nyumbani. Nikawaambia chukueni chungu cha maharage, umeshaondoa kuni zote lakini yanaendelea kutokota, na kinu ndo hivyohivyo ila zaidi, kile cha megawati 3,000 za joto ukikizima sekunde hiyohiyo bado kinasukuma kama 200, kwa hiyo maji lazima yazunguke, na pampu zinataka umeme. Fukushima, Machi 11, 2011, tetemeko lilipopiga vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima vizuri tu, shida ikaja na tsunami ikazamisha majenereta na betri, mpaka wafanyakazi wakaenda kuchomoa betri za magari ili wapate angalau kusoma mita. Nikanyanyua kidole kama shehe. Nikasema waheshimiwa, ukiikamua sana hii mada, usalama wa nyuklia ni betri.

Pi.

Wenzangu wa huku mnaijua hiyo pi. Kidude cha moshi darini, kikiishiwa betri ndo kinalia hivyo. Kinalia tangu mwezi wa tatu, tumeshakizoea kama jogoo wa jirani, nikilala kwa watu ambako hakilii sipati usingizi. Nikajifanya sijasikia. Pi. Bwana mmoja mwenye ndevu akakunja shingo. Pi. Yule mama akauliza kwa upole, samahani, hiyo ni alamu ya moshi?

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikatoa lekcha. Nikawaeleza kwamba vidude vya aina hii ndani vina chembe ya amerisiamu-241, miale yake inafanya hewa ipitishe umeme kidogo, moshi ukiingia umeme unapungua, kinapiga kelele, na hiyo amerisiamu kupungua nusu tu inataka miaka 432, kwa hiyo waheshimiwa, upande wa nyuklia wa kifaa hiki uko imara kabisa.

Pi.

"Na betri umejua imeisha tangu lini?" Wa ndevu, ameshashika kalamu.

Majibu niliyotoa jamani! Nikasema hali inafuatiliwa kwa karibu. Nikasema tulifanya tathmini tukaona hatari ni ndogo. Nikasema kubadilisha kupo kwenye mpango ila ngazi ni ya mwenye nyumba. Nikasema tangu tuhamie hapa haujawahi kutokea moto. Na kila neno likitoka najisikia mwenyewe, maana maneno hayohayo ndo niliyoyachana kwenye makala niliyowatumia kama sampuli, kurasa kumi na mbili, nikiwacheka mameneja wa mitambo.

Mama akanihurumia. Nenda kaitoe tu, tunakusubiri.

Nikasimama. Kikoi kikasimama na mimi, cha kijani, kile chenye tundu la mkaa. Nikapanda kiti cha magurudumu, mtaalamu wa usalama, mkono mmoja darini mwingine umeshika fundo la kikoi, na kwenye skrini nawaona watu watano wameziba midomo. Nikachomoa betri. Nikakaa. Nikarekebisha tai.

Pi.

Betri iko mkononi! Kumbe kinabaki na chaji kidogo ndani, na kwa kiherehere changu nikasema, mnaona, kama kinu, kimezimwa lakini bado. Wa ndevu akaandika kitu kirefu sana.

Sasa leo baada ya hiyo email nimetoka na hasira mpaka dukani. Betri ya mraba moja haiuzwi, ni pakiti ya nne, nikauliza hizo tatu nizipeleke wapi, muuzaji ananiangalia. Narudi nakuta Mkongo amekinyofoa kidude chote kutoka darini, amekifungia kwenye droo ya vijiko, ati kinamsumbua akikaanga ndakala. Nikachungulia kikaangoni. Ndakala gani, wale ni dagaa wangu wa Kigoma! Nimeletewa na mtu, wamevuka viwanja vya ndege vitatu wameviringishwa kwenye taulo, nawatunza mpaka Idd, leo Jumanne mtu anawakaanga wote, tena na mafuta ya mzeituni, mafuta yenyewe ya nani?