Msiba wa Lori

Ukipata mapacha Mwanza kila mtu anakupongeza. Kulwa na Doto, baraka hiyo! Sawa, baraka. Ila hakuna aliyenidokeza kwamba baraka yenyewe inataka kila kitu viwili viwili. Wangu wana miaka sita. Wameona kwenye simu ya mama yao jibaba zima, lina ndevu, linafungua boksi. Ndani ya boksi mna boksi lingine, humo mna gari linalogeuka roboti, na jibaba linapiga mayowe kana kwamba limeokota dhahabu Geita. Tangu jioni ile kwangu hakukaliki.

Nikaenda Makoroboi kuulizia. Muuzaji anasema elfu thelathini. Nikamuuliza, kwa hela hiyo roboti inaosha vyombo? "Bosi, hii ni ya kuchezea. Na betri unanunua pembeni."

Elfu thelathini mara Kulwa, mara Doto, halafu betri pembeni!

Sisi wa Mabatini miaka ya tisini raha hizo tulizipata kwa ndoo ya maji. Mjue Bara hapakuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Sisi tulikuwa na ziwa na redio. Ila mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja mwenye deki, na ndugu yake wa ughaibuni alikuwa akimrekodia katuni za huko na kumtumia mikanda. Ukitoka shule unamchotea mkewe maji, unapanda nayo kwenye yale mawe yetu mnayoyajua, ukifika juu na ndoo yenye nusu unaruhusiwa kukaa sakafuni.

Anatokea He-Man. Anainua upanga, radi zinapiga, kifua kinajaa. Chui milia wake wa kijani, mwoga kuliko kuku, anageuka Battle Cat, mnyama wa vita. Mimi niliamini kuna mtunzi mahali fulani aliumiza kichwa kumbuni chui yule. Kumbe wapi! Mattel, kampuni ya midoli ya Marekani, walianza kuuza midoli hiyo mwaka 1982, katuni ikafuata 1983 ili midoli itoke. Na chui walikuwa naye tayari, kalibu ya chui wa midoli yao ya zamani ya Big Jim. Ukimweka karibu na He-Man anaonekana mkubwa kupita kiasi, basi wakampaka kijani, wakamtandika kiti mgongoni, ikawa ndiyo hadithi. Mtu anabana matumizi kiwandani Marekani, mimi Mabatini namhurumia chui akitetemeka!

Hata wachoraji walibana. Filmation, studio iliyochora katuni hiyo, walikuwa wakirudia michoro ileile: He-Man akikimbia leo ni mbio zile za jana, akigeuka ni mgeuko uleule. Mzee wa watu alidhani mkanda umekwama, kila mara anainuka kuipiga deki kofi. Deki ile ilikufa kwa kuonewa.

G.I. Joe, katuni ya wanajeshi, sitaisemea sana. Wanamiminiana risasi mkanda mzima, kila ndege ikilipuka rubani anashuka na mwavuli. Kwenye harusi za kwetu watu huumia kuliko pale.

Lakini Transformers, magari yanayogeuka roboti! Roboti zile zilikuwa midoli ya Takara wa Japani. Kampuni ya Hasbro ya Marekani wakaichukua, mwaka 1984 wakaipa majina, ukoo na ugomvi. Mkubwa wao Optimus Prime, lori jekundu lenye busara za mzee wa baraza. Halafu filamu ya 1986 wakamuua. Mnajua kwa nini? Midoli ya zamani ilitakiwa iondoke dukani, mipya iingie. Watoto wa Marekani walilia ndani ya kumbi za sinema. Sisi mkanda ulipotufikia, miaka kibao baadaye, tuliweka matanga kabisa. Tumekaa kwenye mkeka kimya, bibi akapita.

"Ng'wanawane, nani kafa?"

"Lori, bibi."

Akatoa pole, akaenda moja kwa moja kwa jirani mwenye lori la dagaa kumfariji. Jirani alikimbia hadi Mwaloni pekupeku kuangalia gari lake.

Huko Marekani wazazi walilalamika sana kwamba hii si katuni, ni tangazo la nusu saa. Walikuwa na haki. Tume yao ya mawasiliano ilikuwa kali zamani, enzi za Reagan ikalegeza kamba, ndipo midoli yote ikapata vipindi. Mwaka 1990 Bunge lao likaweka sheria ya kupunguza matangazo kwa watoto, dakika 12 kwa saa siku za kazi. Mimi silalamiki. Sisi tuliangalia tangazo hilo miaka na miaka, na kampuni hazikupata hata shilingi yetu moja! Wamechora, wamelipa waigizaji wa sauti, wamepiga muziki, halafu mteja yuko Mabatini hana hata hela ya andazi.

Midoli tulitengeneza wenyewe. Optimus Prime wangu alikuwa kopo la mafuta ya kupikia, matairi ya ndala, ekseli ya waya. Alikuwa na uwezo wa kugeuka mara moja tu, ukimkanyaga. Upanga wa He-Man ulikuwa panki la sangara, mabaki ya kiwandani, na ukiuinua juu paka wa mtaa mzima wanakufuata. Battle Cat hatukumkosa kamwe.

Nikamwambia Mama Kulwa, pesa hiyo sitoi, nitawaundia watoto roboti kwa mikono yangu. Akanitazama. "Baba Kulwa, wewe hata mlango wa choo umekushinda."

Sikumjibu. Nikaondoka zangu hadi Mlango Mmoja kwa fundi viatu, nikamkuta amekalia rundo la ndala mbovu. Nikaomba nyayo nne za kukatia matairi.

"Elfu mbili, mzee."

"Elfu mbili za nini? Si takataka hizi?"

"Mbona asubuhi baba mwingine kachukua nane? Na yeye ana mapacha."