Mashine ghali za useremala: unalipia nini hasa?

Niseme mapema nisije nikazungusha maneno: mashine nyingi za bei ghali hazimlipi seremala wa kawaida, ila zipo chache zinazomlipa kuliko anavyofikiria. Shida ni kwamba tunabishana kuhusu majina. Huyu anaapa kwa Festool, mashine ghali za Kijerumani, yule anasema ni rangi tu na sanduku zuri. Mimi huuliza swali moja tu kabla ya kutoa pesa: mashine hii ikikosea, nitaweza kulirekebisha kosa lake?

Chukua drili. Tundu la skrubu likihama milimita moja, kichwa cha skrubu kitalifunika na kabati litasimama. Kwa hiyo waliosema rahisi ghali hawakuwa wakifikiria drili. Ya daraja la kati, yenye mota isiyo na kaboni (vile vipande vinavyosugua ndani ya mota mpaka vikaisha), inafanya karibu kila kitu ambacho seremala anahitaji. Na usitishwe na namba za volti. Betri ya 18V na ile iliyoandikwa 20V Max kwa kawaida zina kitu kilekile ndani: seli tano za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, kila moja ya volti 3.6. Zikitoka kwenye chaja zinagusa 20, ukianza kazi zinatulia kwenye 18. DeWalt huuza betri zake Marekani kama 20V Max na Ulaya kama 18V. Wanaobishana ipi ina nguvu zaidi wanabishana kuhusu lebo.

Sisemi mashine zote ni sawa. Kampuni ya TTI ya Hong Kong inatengeneza Milwaukee za bei kubwa na inatengeneza Ryobi za bei nafuu pia, na ukizifungua utaona tofauti kwenye beringi, gia na swichi. Tofauti hiyo ipo na inalipiwa. Lakini ni tofauti ya uimara, na uimara una maana kwa anayeshika mashine kutwa nzima. Anayeishika Jumamosi tu atalipia miaka ambayo hataitumia.

Sasa njoo kwenye viungo. Festool wana mashine inaitwa Domino, ya kuchimba mashimo ya ulimi bandia, yaani kipande cha mbao kinachoingia nusu kwenye ubao huu na nusu kwenye ule ili kuviunga. Biti yake inazunguka kama ya ruta, na papo hapo inakwenda kushoto na kulia, kwa hiyo ikiingia kwenye ubao inaacha shimo refu lenye ncha za mviringo, safi, tayari kwa kipande cha mbao ngumu na gundi. Unachimba upande huu, unachimba upande wa pili, unabana. Kiungo ambacho kwa patasi kingekula asubuhi nzima kinakwisha kabla chai haijapoa. Ubunifu huo ulilindwa na hataza (haki ya mbunifu ya kuzuia wengine wasiuige) kwa miaka mingi, ndiyo maana bei yake haikuwa na wa kuibishia. Kwangu hii inalipa, kwa anayetengeneza viti, meza na fremu za milango kwa kuuza, kwa sababu shimo likipinda hakuna skrubu ya kulificha. Mguu wa meza ukishapinda, umepinda.

Msumeno wa reli, ule wa diski unaoteleza juu ya reli ili ukate mstari ulionyooka, ni hadithi tofauti, ingawa mafundi huuweka kapu moja na Domino. Ndiyo, Festool na Mafell wanatengeneza mizuri sana. Lakini kinachofanya plaiwudi isimeguke ukingoni ni ule ukanda laini wa reli unaokandamiza nyuzi pembeni kabisa ya meno, na ukanda huo siku hizi unaupata kwenye reli za Makita na nyinginezo za bei ya kati. Tofauti inayobaki ni ndogo mno kunishawishi.

Na kabla hujabadilisha msumeno, badilisha diski. Nimeona watu wakilaani mota kumbe diski ni ile iliyokuja nayo kwenye boksi, meno 24, ya kupasua kufuata nyuzi, wao wanakatia plaiwudi ya mvule. Funga diski nzuri ya kabaidi yenye meno 60, kisha uniambie kama bado unauchukia msumeno wako.

Vumbi ndilo linalonifanya nitetee bei kubwa kwa moyo wote. Mwaka 1995, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Pafu likiharibika, nalo ni kosa lisilorekebishika. Mashine ya msasa ya Festool, au ya Mirka wa Finland, ikiunganishwa na mashine ya kufyonzea vumbi, inavuta sehemu kubwa ya unga kabla haujapanda hewani. Kazi nayo inatoka safi zaidi: unga ukibaki chini ya msasa unachora vimviringo vidogo ambavyo huvioni mpaka upake vanishi, na hapo umeshachelewa. Ila tusidanganyane. Mashine ya msasa ya bei nafuu iliyounganishwa na kifyonza kizuri inaishinda ya bei ghali yenye kimfuko cha kitambaa. Kama pesa ni ya kimoja tu, nunua kifyonza. Na barakoa bado uvae.

Vidole pia. Mwaka 1999 Mmarekani Stephen Gass, mwanasheria wa hataza aliyesomea fizikia, alibuni msumeno wa meza unaotambua ngozi ya mtu kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye diski. Ngozi ikigusa, kipande cha alumini kinarukia meno na diski inasimama ndani ya takriban milisekunde tano. Kile kipande kinakufa, na kwa kawaida diski nayo inakufa. Ndiyo SawStop, ambayo tangu 2017 iko chini ya kampuni mama ya Festool. Wanaosema fundi makini haihitaji mashine hiyo, nawaomba wahesabu vidole vya mafundi wazee wanaowafahamu.

Kama bei ya mpya inakutisha, mtumba wa mashine bora si wazo baya, ilimradi uikague mwenyewe. Ichomoe kwenye umeme, shika shafti, izungushe polepole: beringi iliyokwisha utaisikia ikikwaruza kwenye vidole. Ivute na kuisukuma, isicheze. Nusa matundu ya hewa, mota iliyowahi kuungua ina harufu haitoki. Halafu iwashe uiache inguruma dakika chache, na kabla hujalipa ulizia kama kaboni, swichi na beringi zake bado zinauzwa. Zile zinazotumia betri mimi huzipita, maana betri chakavu ikifa inabidi ununue mpya kwa bei inayokaribia ya mashine yenyewe.