Mwacheni Mtoto Aingie na Jogoo Wake

“Dogo, kuku wanauzwa Mgandini. Hapa ni maonyesho.”

Maneno hayo aliambiwa kijana wa miaka kumi na tano hivi, mbele ya macho yangu, kwenye geti la maonyesho fulani hapa Tanga ambayo sitayataja maana baadhi ya waandaaji tunazikana. Kaja na baiskeli kutoka Pongwe, tenga kalifunga nyuma kwa mpira wa tairi, juu kafunika kipande cha gunia. Mlinzi hata gunia hakulifunua.

Nikaingia kwa kiingilio changu, nikaone hicho kilichostahili kuonyeshwa. Mahema. Viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa kama bibi harusi. Banda la mfano lenye mitetea minne ya chotara, imejiinamia kama imekodishwa kwa siku, na bwana mmoja mwenye fulana mpya ambaye nilipomwuliza hawa ni mbegu gani, akanipa kipeperushi.

Nikatoka. Kijana bado yupo, kakaa kivulini chini ya mwarobaini.

“Shikamoo anti.”

“Marahaba baba. Hebu nimwone huyo.”

Akapitisha mkono chini ya kifua, vidole vikaingia katikati ya mapaja, kiganja kikabeba uzito wote, na jogoo akatoka tengani bila kupiga bawa hata moja. Wanaojua kuku wanajua kwamba hapo mtihani nusu umeshapita. Kuchi mwekundu, mbegu yetu ya kienyeji. Upanga mdogo umemlalia kichwani kama njugu zilizobanana, mdomo mfupi umepinda kama wa kasuku, shingo ndefu, kifua kipana chenye manyoya haba hadi ngozi inaonekana. Kijana akalikunjua bawa taratibu, kama anafungua mkeka mpya: hakuna unyoya uliovunjika. Nimekulia Makorora na kuku wa bibi yangu, na wallahi sijawahi kumwona wa namna ile.

Kisha akatoa daftari. Hapo ndipo niliponyamaza.

Kila mtetea ana rangi yake ya uzi, na kila kifaranga hufungwa mguuni uzi wa mama yake. “Unakagua kila wiki anti, mguu ukinenepa ukasahau, uzi unamkata.” Ukurasa mmoja umeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nikauliza kuna nini. Akasema alitaka shingo ndefu zaidi, akamrudishia jogoo binti zake mwenyewe. Shingo akaipata. Lakini mayai kumi na mawili yakaanguliwa matano, na vifaranga wawili walitoka na vidole vilivyopinda. Akaacha. Akaenda Pangani kubadilishana jogoo na mwenzake, damu mpya ikaingia bandani.

Mtoto wa kidato cha tatu huyo. Kuna watu wanalipwa mshahara na hawawezi kukueleza hilo bila kufungua kompyuta.

Sasa mtaani kwetu kijana huyu anaitwaje? Mhuni. Kijana mzima anashinda na jogoo kwapani! Angefuga broila mia tano na kuwauza wakifika kilo moja na nusu, tungemwita mjasiriamali na diwani angekuja kupiga naye picha. Sina ugomvi na broila, wala na chotara kina Sasso na Kuroila, wanalisha watu na mimi ni mlaji mzuri tu. Ila kila anayetaka faida ya haraka anachanganya tu, na kuchi halisi, kishingo halisi yule wa shingo tupu, wanayeyuka bandani mwetu hivi hivi tunawaona. Wanaowashikilia ni hawa watoto, bila semina wala posho ya nauli.

Haya, nakubali, maana najua mtaniandikia: wapo wanaowapiganisha. Wapo, na wana zamu na dau lao, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikutungwa kwa ajili ya ng'ombe peke yao. Wakamatwe. Lakini Waingereza walipopiga marufuku kupiganisha majogoo mwaka 1835, ile hamu ya mtu kutamba kwamba jogoo wangu anamzidi wako haikufa. Ilipata uwanja mwingine. Mwaka 1845 kuku walishaanza kushindanishwa kwa uzuri London, kwenye bustani ya wanyama, na mwaka 1865 sifa za kila mbegu zikachapwa kitabuni: upanga uweje, mguu uwe rangi gani, mkia ulale vipi. Sisi kuchi tunamjua sote na hakuna aliyekaa akaandika kuchi ni yupi. Ukiwauliza wazee watatu barazani utapata kuchi watano.

Na Marekani, kwenye vilabu vya vijana vya 4-H, kuna shindano ambalo wala kuku hapimwi sana. Anapimwa mtoto. Anasimama mbele ya jaji, anamshika kuku wake, anafungua bawa, anataja viungo, anaulizwa anamlisha nini na akiugua anafanyaje. Nisome hivyo nikumbuke chini ya mwarobaini! Yule kijana alishafanya mtihani wote ule, jaji akiwa mimi na mwuza madafu.

Nane Nane yetu sisi wa Kanda ya Mashariki iko Morogoro. Sawa, nendeni. Lakini kule wanashindana halmashauri, taasisi na makampuni. Mtoto mwenye jogoo mmoja atashindana na banda la nani, na nauli ya yeye na tenga atoe wapi? Shindano kama lile la watoto ni la kufanyika hapa hapa Tanga, asubuhi moja ya Jumamosi. Meza, turubai, jaji anayejua kuku, na cheti cha karatasi. Uwanja wa Mkwakwani tunaujaza kwa ajili ya watu ishirini na mbili wanaokimbizana, tutashindwaje kusimama saa mbili kumtazama jogoo?

Kuna moja linalonitia hofu kweli, nalo ni kideri. Kukusanya kuku mia sehemu moja ni kuuita ugonjwa kwa jina. Bibi yangu alikuwa akisema “upepo umepita,” na asubuhi yake tunakuta kuku shingo zimepinda, wengine wamekwisha. Banda lote ndani ya wiki moja. Kwa hiyo asiyechanja asiingie, na awe amechanja si chini ya wiki mbili kabla, maana kinga haiji siku ile ile. Tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Kijana wangu tarehe zote anazo daftarini. Wale mitetea wanne wa hemani sikuthubutu kuwaulizia.

Na wasichana nao waitwe, maana nyumba nyingi anayeamka kufungua banda ni wao, ila kuku akishapendeza anakuwa wa kaka.

Nikamwuliza atarudi mwakani. Akacheka tu, akaanza kumrudisha jogoo tengani, miguu kwanza. Mlinzi yule yule akatusogelea, mikono nyuma, akachungulia.

“Bei gani huyo?”

“Hauzwi kaka,” kijana akajibu, anafunga mpira. “Nilikuja kumwonyesha tu.”