Roshani au usingizi? Kuchagua kabini tulivu kwenye meli ya kitalii

Mawakala wa safari wa Nairobi siku hizi huuza safari za meli za kitalii kwa namna ileile wanavyouza Diani na Zanzibar: ndege hadi Dubai au Durban, siku tatu hadi saba baharini, malipo kwa awamu. Karatasi ya bei huwa na ngazi nne. Chini kabisa kuna kabini ya ndani isiyo na dirisha, inafuata yenye dirisha lisilofunguka, kisha yenye roshani, na juu ni vyumba vya kifahari ambavyo wengi huvitazama tu na kusonga mbele. Bei inapanda kwa mpangilio huo, na mnunuzi hudhani utulivu nao unapanda. Haupandi. Anayelipa zaidi ananunua nafasi, hewa na mandhari. Usingizi unategemea kilicho juu ya dari, chini ya sakafu na nyuma ya ukuta, na hayo hayamo kwenye karatasi ya bei.

Wanaotetea kabini ya bei ya chini wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Meli huyumba ubavu kwa ubavu, na pia huinua omo, yaani sehemu ya mbele, na kuiangusha huku tezi, sehemu ya nyuma, ikifanya kinyume. Miyumbo yote miwili ina kitovu karibu na katikati ya meli, si mbali na usawa wa maji. Kadiri unavyolala mbali na hapo, ndivyo kila wimbi linavyokupandisha na kukushusha kwa umbali mrefu zaidi. Aliyekaa kiti cha nyuma kabisa cha matatu inapovuka matuta hahitaji maelezo mengine. Kwa hiyo kabini ya ndani iliyo chini na katikati hutikisika kidogo kuliko chumba cha kifahari kilicho juu kabisa upande wa mbele, hata kama cha pili kinagharimu mara tatu. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walisema wahenga wa majahazi; ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na katika jambo hili ushauri wao unaweza kufuatwa karibu neno kwa neno.

Meli kubwa za kisasa zina mapezi yanayochomoza chini ya maji pande zote mbili ili kupunguza mrama. Muuzaji atakutajia, na ni kweli yanasaidia. Ila yanatuliza yumbo la ubavuni tu, tena meli ikiwa na mwendo. Kupanda na kushuka kwa omo hayawezi kukuzuia, ndiyo maana abiria wa mbele anaweza kutaabika ndani ya meli yenye kila kifaa.

Uzito wa hoja hii unategemea unakokwenda. Ghuba ya Uajemi, ambako Dubai iko, kati ya Novemba na Machi kwa kawaida ni shwari, na kumlipia mtu kabini ya katikati kwa sababu ya mrama huko ni kutumia pesa vibaya. Durban kwenda Msumbiji ni bahari nyingine. Mkondo wa Agulhas unateremka kando ya pwani hiyo kuelekea kusini-magharibi, na upepo wa kusini-magharibi unapokutana nao uso kwa uso, mawimbi hufupika na kusimama wima. Huko, chini na katikati ni ushauri wa kushika.

Wanaotetea roshani nao hawasemi ovyo. Kichefuchefu cha baharini huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo ilhali macho yanaona ukuta uliotulia. Dawa ya kwanza isiyo na gharama ni kutazama mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, na kabini ya ndani haina mstari huo. Mwenye roshani anafungua mlango, anapata upepo na upeo wa bahari papo hapo. Mwenye kabini ya ndani anapaswa kuvaa, kupanda lifti na kutafuta kiti sitaha ya juu, jambo gumu mtu akiwa tayari anatapika. Kuna pia suala la giza. Taa ikizimwa kabini ya ndani, hakuna alfajiri. Wengine hulala humo usingizi wa pono, wengine hupotewa na saa na kuamka wamechoka. Meli nyingi zina chaneli ya runinga inayoonyesha kamera ya mbele ya meli. Iache imewaka bila sauti na utajua kumekucha.

Lakini roshani hiyohiyo ni mlango wa kelele. Kinachotenganisha roshani mbili kwa kawaida ni ubao mwembamba wenye mwanya chini, hivyo maongezi ya jirani na, pale sigara inaporuhusiwa, moshi wake, vinaingia bila hodi. Roshani zilizo karibu na bwawa husikia muziki wa mchana wote. Za tezi, zinazosifiwa kwa mandhari ya mkia wa povu, wakati mwingine ziko chini ya mkahawa wa wazi. Na kwenye baadhi ya meli kiyoyozi hujizima mlango wa roshani ukiachwa wazi, kwa hiyo wazo la kulala na sauti ya mawimbi huishia kwenye jasho.

Sasa tuje kwenye kelele zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapochezewa. Kanuni za Kenya za 2009 kuhusu kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku ndani ya nyumba za makazi. Kama zinafuatwa Kilimani, mtaa wa Nairobi wenye vilabu vingi, siku ya Ijumaa ni habari nyingine. Kwenye meli, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lina kanuni za kelele zilizoanza kutumika Julai 2014 kwa meli mpya: kabini za mabaharia kwenye meli ya tani 10,000 za ujazo au zaidi zisizidi desibeli 55. Tofauti ya desibeli 20 husikika sikioni kama sauti iliyokuzwa takriban mara nne. Isitoshe, kanuni hizo zinamlinda mfanyakazi. Kabini za abiria hazikuwekewa kikomo humo, zimeachiwa kampuni na watengenezaji wa meli. Kampuni nyingi hujenga kabini tulivu kuliko hapo kwa sababu za kibiashara, lakini anayetarajia ukimya wa Karen, mtaa tulivu wa Nairobi, usiku wa manane atashangaa.

Hata hivyo si kila desibeli inaamsha. Mvumo wa kiyoyozi usiobadilika hufunika sauti nyingine na watu huuzoea usiku wa kwanza. Kinachoamsha ni sauti ya ghafla, na kwenye meli sauti za ghafla zina ratiba. Disko na ukumbi wa muziki huendelea hadi saa nane usiku au zaidi. Besi yake hupita kwenye chuma na kuhisika kabini ya juu yake kama mpigo kitandani. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri wafanyakazi hupanga viti vya bwawa na kusukuma vikokoteni vya bufee, na kila mguu wa kiti unaokwaruza sitaha unasikika kwa aliyelala chini yake. Karibu saa kumi na mbili asubuhi meli huingia bandarini, na hapo rafadha ndogo, yaani panga za kusukuma maji, zilizo ubavuni mwa omo, zinazoisukuma meli kando kuelekea gatini, huwashwa. Kabini za chini mbele hunguruma na kutetemeka. Pale meli inapotia nanga badala ya kufunga gatini, ongeza mnyororo wa nanga upande huohuo wa mbele, na mashua zinazoteremshwa kwa mashine kupeleka abiria ufukweni, zikisikika katikati ya meli kwenye sitaha zilizo karibu nazo. Ukungu ukitanda, meli inayosafiri hulazimika kupiga honi ndefu angalau kila dakika mbili, usiku au mchana, na wa mbele juu ndio wanaoisikia kuliko wote.

Tezi ina lake. Meli zenye injini za umeme zilizoning'inizwa nje chini ya meli hutetemeka kidogo kuliko zile za kizamani zenye mhimili mrefu wa rafadha, ila wakati wa kugeuka bandarini zote hutikisa sehemu ya nyuma.

Kwa hiyo “chini na katikati” si jibu kamili. Katikati ndiko kwenye lifti, ngazi na ukumbi mkubwa wenye piano. Chini mbele kuna rafadha za kusukuma. Chini nyuma kuna injini. Kabini nzuri ni ile iliyobanwa na kabini nyingine: kabini juu, kabini chini, kabini kulia na kushoto, na milango sita au saba kati yake na lifti. Kabini ya bei ya chini yenye sifa hizo inaishinda yenye roshani iliyo chini ya bwawa, na hapo sioni haja ya kusawazisha mizani.

Kuithibitisha ni kazi ya robo saa. Chukua ramani za sitaha tatu: yako, ya juu yake na ya chini yake. Kwenye meli nyingi tarakimu za mwanzo za namba ya kabini ni sitaha, na namba huongezeka kutoka omo kwenda tezi, hivyo ni rahisi kulinganisha. Weka kidole mahali pa kabini yako kwenye kila ramani. Ukikuta eneo jeupe lisiloandikwa kitu, shuku; mara nyingi ni jiko, ghala au njia ya wafanyakazi yenye mlango unaobamiza usiku. Tazama alama ya mlango wa kuunganisha kabini mbili. Kanuni za IMO kwa kabini za mabaharia zinataka ukuta wa kawaida upunguze sauti kwa desibeli 35, lakini wenye mlango wa kuunganisha kwa 30 tu. Familia yenye watoto itaufurahia mlango huo. Wawili walio kwenye fungate watasikia watoto wa wengine.

Kuna biashara moja inayogawa watu: kununua aina ya kabini bila namba, kampuni ikupangie karibu na siku ya safari. Ni nafuu, na mtu wa usingizi mzito anayekwenda Ghuba kwa siku tatu hana sababu ya kuikataa. Lakini kabini zinazobaki mwisho ni zile ambazo wenye ramani walizikwepa. Mwenye usingizi mwepesi, mjamzito anayechafukwa haraka, au mzee anayeamka usiku, alipe tofauti achague namba. Anayesafiri peke yake afanye hesabu upya, kwa sababu bei hutajwa kwa kila mtu wakiwa wawili kabini, na aliye peke yake anaweza kutozwa karibu mara mbili.

Ukishachagua, mwambie wakala aandike namba ya kabini kwenye ankara, na aombe kampuni isikupandishe daraja bila idhini yako. Watu hushangilia kupandishwa bure kisha wanajikuta chini ya bufee.

Ndani ya kabini, marekebisho ni madogo. Hanga za kabati hugongana meli inapoyumba. Ziteremshe au uzifunge kwa taulo. Paneli ya ukuta inayolia huzibwa kwa kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa. Beba vizibo vya masikio, na adapta pia: soketi za meli kwa kawaida ni za Marekani na za Ulaya, plagi ya Kenya ya miguu mitatu bapa haiingii, na kebo ya soketi nyingi yenye kizuia umeme wa ghafla huchukuliwa kwenye ukaguzi. Kama kelele ni ya hitilafu, mathalani feni inayokwaruza au choo cha kuvuta hewa kisichonyamaza, ripoti mapokezi siku ileile ya kwanza na uombe fundi kwanza, kabini nyingine baadaye. Meli ikiwa imejaa hakuna pa kukuhamishia, ila fundi yupo saa zote.