Dirisha moja tu, jamani!

Nataka dirisha moja la programu ya kompyuta kwa stoo ya nazi hapa Ngamiani, Tanga: orodha, bei, kitufe cha kuhifadhi. Basi! Lakini Java, lugha ninayoandikia programu, inakutaka uchague kwanza zana ya kuchorea madirisha. AWT ya mwaka 1996? Swing iliyokuja na Java 1.2 mwaka 1998? SWT, inayodai faili tofauti kwa Windows, tofauti kwa Linux? Au JavaFX, ambayo kwa kweli ni nzuri, ila iliondolewa kwenye JDK 11 (kifurushi cha kutengenezea programu za Java) mwaka 2018, uitafute mwenyewe?

Jana naiwasha programu, yanatoka maandishi mekundu: vijenzi vya JavaFX havipo. Havipo vipi, na nimevipakua kwa bando langu? Mwenye stoo kanisimamia mgongoni.

"Mwanangu, bado tu?"

"Bado kidogo, Bi Mkubwa."

Wenzangu, nyie mnawajibuje?