Quadro au GeForce: laptopu ya mchora ramani

Mchora ramani akienda kununua laptopu, muuzaji humwambia: chukua yenye Quadro, hiyo ndiyo ya kazi, GeForce ni ya gemu. (Zote mbili ni kadi za michoro za kampuni ya Nvidia; jina la Quadro yenyewe imeshaliacha, ila madukani bado linatajwa.) Ushauri huo una ukweli wake, tatizo ni kwamba unapewa kila mtu.

Tazama ndani. RTX 2000 Ada, mrithi wa Quadro, na GeForce RTX 4060 za laptopu zinatumia chipu moja, AD107, na kila moja ina kumbukumbu ya GB 8. Kinachokuongezea bei ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, pamoja na uthibitisho wa watengenezaji wa programu kwamba kadi hiyo wameipima. Kwa mtumiaji wa SolidWorks, programu ya kuchora mashine na vipuri, hilo si pambo: kadi isiyo kwenye orodha yao kwa kawaida huacha kitufe cha RealView, cha kuonyesha modeli kama kitu halisi, kikiwa kijivu, hakibonyezeki. Mhandisi wa mitambo anayeishi kwa programu hiyo alipe tu.

Lakini wengi wetu tunachora nyumba: AutoCAD au Revit, kisha Lumion ili mteja aione sebule yake. AutoCAD na Revit hupitia DirectX, njia ileile ya gemu, kwa hiyo GeForce haina unyonge hapo. Fungua modeli nzito ya Revit, hamisha ukuta mmoja, huku ukitazama Task Manager: mara nyingi prosesa ndiyo inayohema, kadi imetulia. Pesa ya ziada afadhali iende kwenye prosesa yenye kasi na RAM ya GB 32. Kwenye Lumion ndiko kadi hutoka jasho, na huko kinachohesabika ni nguvu na kumbukumbu, cheti hakisaidii kitu.

Ndiyo maana zile ZBook za mtumba, laptopu za kazi za HP, zinanitia shaka. Mwili imara, bei tamu, lakini ndani unakuta Quadro M1000M ya mwaka 2015, ambayo GeForce ya kawaida ya leo inaiacha mbali.

GeForce nayo ina mtego wake. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa kuanzia wati 35 hadi 115, kadiri mtengenezaji alivyoamua, na stika ni ileile; wati zikipungua, nguvu ya kadi nayo hupungua. Mwombe muuzaji aiwashe, fungua paneli ya Nvidia, ingia kwenye taarifa za mfumo, usome kiwango cha juu cha wati kabla ya kutoa hela. Zile nyembamba zinazopendeza mkononi ndizo mara nyingi zimebanwa.